Vyuma vya Nje Vinavyoshika Mfupa Uliovunjika

Mtu aingiapo katika wodi ya mifupa na kuona mguu uliopenyezwa pini za chuma, na ufito wa chuma umesimama nje ya ngozi, aghalabu hushtuka. Wako jamaa ambao hutaka kumwondoa mgonjwa wao siku ile ile, wakidhani kwamba mguu umekwisha kupotea. Kumbe vyuma hivyo vimewekwa ili usipotee.

Upande wa mbele, mfupa wa mundi umefunikwa na ngozi tu. Kwa hiyo mtu akigongwa na gari au akianguka na pikipiki, mfupa uliovunjika hutoboa ngozi kwa urahisi, na mchanga na vijidudu vya maradhi huingia ndani. Mguu kama huo ukifunikwa wote kwa plasta, au ukikazwa kwa mabanzi na matambara, hakuna aonaye yatendekayo chini yake. Usaha waweza kuenea mpaka mfupani.

Dawa za kuua vijidudu sharti zianze mapema, yafaa ndani ya saa moja tangu kuumia. Daktari humpa mgonjwa dawa ya usingizi, akaosha kidonda kwa maji mengi na kukata nyama iliyokufa. Kisha hutia pini juu ya mahali palipovunjika na nyingine chini yake, akaunyosha mfupa, akaziunganisha kwa ufito wa nje. Mfupa hutulia, na kidonda huonekana na kusafishwa kila siku ipasavyo. Jambo hili si geni: Albin Lambotte, mpasuaji wa Antwerp, Ubelgiji, alitumia vyuma vya namna hii mwaka 1902.

Kidonda kikitulia, pengine vyuma huondolewa na mfupa ukatiwa chuma kirefu cha ndani. Ama huachwa mpaka mfupa uunge, kazi ya miezi kadha.

Udhaifu wake ni matundu ya pini. Yakiwa machafu, vijidudu hufuata chuma mpaka mfupani. Amwuguzaye mgonjwa nyumbani anawe mikono kwa sabuni, ayasafishe kama alivyoonyeshwa hospitalini, wala asipake samli, majivu au dawa za miti. Ngozi ikivimba na kutoa usaha, au pini ikilegea, mgonjwa arudi hospitali upesi, asingoje siku aliyopangiwa. Wala vibano visikazwe na fundi wa baiskeli, hata kama spana yake yalingana.