Unapocheza gofu kwenye vilima vya Pwani

Msomaji, huenda umealikwa kucheza gofu Vipingo, katika kaunti ya Kilifi. Uwanja wa huko uitwao Baobab, jina lililotokana na mibuyu, una mashimo 18 na uko juu ya kilima kinachotazama Bahari ya Hindi. Ni huko ambako Desemba 2019 Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open. Umewasili jana jioni kutoka Nairobi, umelala vyema, na sasa ni saa tatu asubuhi. Unajiambia moyoni: mimi ni mtu wa kutoka mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikiwa mapafu yangu yamezoea hewa nyepesi ya kwetu, kilima cha Pwani kitanishinda kwa lipi?

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kupumua kwenyewe ni rahisi zaidi Pwani kwa sababu hewa ya huko ni nzito na ina oksijeni tele. Kitakachokushinda, usipojihadhari, ni joto likichanganyika na unyevu.

Mwili wa binadamu hutaka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto, na mwili hulitoa nje kwa njia ya jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka juu ya ngozi. Nairobi hukauka upesi. Pwani hewa tayari imejaa maji, kwa hivyo jasho hukutiririka mgongoni na kulowesha shati bila kukupoza inavyotakikana. Mtu anayetembea juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na wengine hupoteza zaidi. Mashimo 18 huchukua saa nne au tano, na kwa miguu ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa ongeza kilima. Unapopanda, mapaja yanadai damu nyingi. Wakati huo huo ngozi nayo inadai damu ili itoe joto. Moyo ni mmoja, na damu yenyewe inaendelea kupungua kwa sababu maji yake yanatoka kama jasho. Ndiyo maana mtu aliyepanda mlima wa shimo la pili bila taabu huhisi moyo ukimdunda kama ngoma kwenye shimo la 14, ingawa mlima ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Upepo wa bahari nao una hila. Ukiwa juu kilimani unakupepea hadi unasahau kuwa unatoka jasho. Ukiteremka bondeni unakatika ghafla, na hapo ndipo kichwa huanza kuzunguka.

Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, ndiyo mibaya zaidi, kwani joto la mchana Pwani mara nyingi hufika nyuzi 32 au 33. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto geni. Mgeni wa siku mbili hana muda huo, kwa hivyo afadhali aanze alfajiri na kumaliza kabla ya adhuhuri, au acheze mashimo tisa tu siku ya kwanza. Kigari cha betri kikiwepo, si aibu kukipanda.

Kuhusu maji: kunywa nusu lita hivi saa mbili kabla ya kuanza, kisha glasi moja kila dakika 15 hadi 20. Usingoje kiu, kwani kiu huja ukiwa umeshapungukiwa. Mkojo mweupe au wa manjano hafifu ni dalili njema; ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Lakini pia usibugie maji matupu lita baada ya lita, maana jasho huondoa chumvi, na chumvi ikipungua mno kwenye damu mtu huumwa na kichwa, hutapika, hata huzirai. Dafu ni kinywaji kizuri, ila lina potasiamu nyingi na chumvi ya kawaida kidogo. Lifuatishe na njugu zilizotiwa chumvi. Mgonjwa wa figo aulize daktari wake kabla ya kunywa madafu. Pombe iache hadi ufike kwenye klabu, na hata huko tanguliza maji, kwa sababu bia huongeza mkojo.

Ikiwa una shinikizo la damu, soma hapa kwa makini. Baadhi ya dawa zake hufanya kazi kwa kuondoa maji mwilini kupitia mkojo. Nyingine huzuia moyo kwenda mbio hata unapohitajika kwenda mbio. Zote mbili hupunguza uwezo wako wa kustahimili joto. Usiache kumeza dawa kwa sababu ya gofu! Zungumza na daktari kabla ya safari. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu mfukoni, na insulini asiiache garini juani, kwani joto huiharibu. Maumivu ya kifua au ya mkono wa kushoto unapopanda kilima si uchovu: simama, keti, na uitishe gari likupeleke hospitali.

Wengi huogopa kupanda na kusahau kuteremka. Kwenye mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, na goti hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Hiyo ndiyo sababu ya kuchechemea kesho yake na kesho kutwa. Teremka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Na ukisimama kwenye mteremko ili kupiga mpira, usizungushe kiuno kwa nguvu zako zote.

Kuna mtu mwingine uwanjani ambaye makala kama hizi humsahau, naye ni kedi. Anapanda vilima vile vile akiwa na mfuko wako begani, huenda wenye kilo 12 au zaidi, na pengine hii ni duru yake ya pili leo. Kuzoea jua hakumfanyi asihitaji maji. Nunua chupa zake pamoja na zako, na mwachie nafasi ya kupumzika kivulini.

Tena kedi ndiye huenda akawa wa kwanza kuona kwamba umepigwa na joto. Dalili za mwanzo ni kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza. Hatari kubwa huja akili inapovurugika: mchezaji anayumba, anajibu ovyo, anachukua fimbo isiyofaa, au anasahau amepiga mpira mara ngapi. (Wapo wanaosahau kwa hiari, lakini hao wanajulikana.) Joto la mwili likipita nyuzi 40 na akili ikapotea, ubongo, ini na figo viko hatarini, na kila dakika ina thamani.

Usidanganywe na ngozi iliyolowa. Watu wengi hudhani aliyepigwa na joto huwa mkavu, ilhali aliyekuwa akifanya mazoezi anaweza kuwa bado anatiririka jasho. Mpeleke kivulini, mlaze, mvue viatu na shati, mmwagie maji baridi mwili mzima huku mkimpepea kwa taulo au mwavuli. Barafu ya vinywaji iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui, usimnyweshe chochote. Gari liitwe mara moja, lakini msingoje lifike ndipo muanze kumpoza, na mwendelee kumpoza njiani hadi hospitali.

Yule aliyepatwa na dalili ndogo na akapata nafuu baada ya kupumzika na kunywa maji, asirudi uwanjani siku hiyo. Na akiona mkojo wake umekuwa mweusi kama soda ya kola jioni au kesho yake, aende hospitali usiku huo huo, kwani huenda misuli imeumia na figo zinahitaji kuangaliwa.