Hadiya, Hongo na Takrima: Funzo Kutoka Ujiji



Tulipokuwa Ujiji, baada ya darsa ya Magharibi, ndugu mmoja mtumishi wa umma alituuliza: "Sheikh, watu ninaowahudumia ofisini huniletea dagaa, migebuka na mawese. Mimi sijaomba, na kumrudishia mtu zawadi yake ni kumvunjia heshima. Je, ni halali yangu?"

Swali hili ni zito, na historia ya mji wenyewe inatusaidia kulifahamu.

Ujiji ilikuwa kituo kikubwa mwishoni mwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wasafiri walibeba merikani, kaniki na shanga, na kila walipoingia katika nchi ya mtawala fulani walimtolea sehemu ya mali ile ili wapite kwa amani. Kitu hicho kiliitwa hongo. Kilijulikana na wote, na kiasi chake kilijadiliwa waziwazi. Lakini ilipokuwa lazima, heshima iliondoka. Stanley, aliyemkuta Livingstone hapo Ujiji Novemba 1871, alitozwa hongo nchini Buha mara baada ya mara, mpaka akaamua kuondoka usiku kwa siri.

Leo neno hongo halina maana nyingine ila rushwa. Takrima nayo, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ukarimu, ilikumbwa na hayohayo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la desturi. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba.

Basi jina zuri halibadilishi hukumu ya kitu.

Hadiya yenyewe ni Sunnah. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akipokea hadiya na kuilipa kwa wema. Lakini alipomtuma Ibn al-Lutbiyyah kukusanya Zaka, naye akarudi akisema kwamba hiki ni chenu na hiki nimepewa mimi, Mtume alipanda mimbari akakemea. Aliuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angeletewa hadiya. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na 'Umar bin 'Abdil-'Aziiz aliikataa hadiya akieleza kuwa zama za Mtume ilikuwa hadiya kweli, ama zama zake imekuwa rushwa.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi'i wamemwekea kadhi mipaka: asipokee kwa mwenye shauri mbele yake. Asiye na shauri, ikiwa walizoea kupeana kabla ya cheo, na kiasi hakikuzidi, hapana ubaya, ingawa kujiepusha ni bora.

Jibu letu kwa ndugu yetu ni hili: wanaokuletea kwa sababu ya kiti chako, usipokee. Rudisha kwa upole, ueleze kwamba kazi ile unalipwa mshahara. Usipoweza kurudisha, ikabidhi ofisi, kwani si mali yako. Ama nduguyo au rafiki wa zamani ambaye hana jambo ofisini kwako, kula naye kama mlivyozoea.

Nawe mtoaji, usiogope kwamba utakosa pa kupeleka. Mama yetu 'Aaishah (Radhiya Allahu 'anha) aliuliza ampelekee nani hadiya kati ya majirani wawili, akaelekezwa kwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Huyo hana muhuri wa kukugongea, na migebuka ile ndiyo hadiya.

Wa Allahu a'lam.