Kabla Mtoto Hajatoka Nyumbani

Hivi majuzi tuliitazama filamu iitwayo Sound of Freedom pamoja na wanakikundi. Filamu hii ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Julai 2023. Ni mchezo wa kuigiza. Umetokana na kazi ya afisa mmoja wa serikali ya Marekani, lakini mambo mengine yameongezwa ili hadithi inoge.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa Tegucigalpa, nchini Honduras, mama mmoja maridadi anamwendea baba wa watoto wawili, Rocío na mdogo wake Miguel. Anawasifu watoto, ati wanaweza kupata kazi ya kupigwa picha. Baba anawapeleka mwenyewe. Mlangoni anaambiwa wazazi hawaingii, arudi jioni. Anaporudi, chumba ni kitupu.

Miguel anaokolewa kwenye mpaka wa Mexico na Marekani. Rocío anatafutwa hadi Kolombia. Mtego unategwa kisiwani na watoto zaidi ya 50 wanaokolewa, lakini yeye hayumo. Ni mpaka afuatwe msituni kwa waasi.

Filamu ilipokwisha, mama mmoja hakuuliza habari za shujaa. Aliuliza, "Mbona yule baba alikubali?"

Hilo ndilo swali letu. Baba alikubali kwa sababu aliwatakia watoto wake mema. Aliyewachukua hakuja na panga, alikuja na maneno matamu. Na huku kwetu mara nyingi si mgeni hata kidogo. Ni shangazi, ni jirani, ni rafiki wa kanisani anayesema, "Nipe msichana, nitamsomesha mjini."

Sheria yasemaje?

Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010. Kosa ni kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu kwa hila, kwa nguvu au kwa kutumia shida zake, ili anyonywe. Kunyonywa ni kama kutumikishwa au kuuzwa kwa ukahaba. Si lazima avuke mpaka. Kutoka kijijini hadi mjini kwatosha. Tena mzazi akikubali, kosa halifutiki. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Kikundi kifanye nini?

1. Mtu akija na kazi, asijibiwe siku hiyo hiyo. Jambo liletwe kikundini.

2. Tumwulize: Kazi ni ya nani? Wapi hasa? Mshahara ni kiasi gani? Kama ni wakala wa kazi za ng'ambo, atuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, nasi tukahakikishe kwa Mamlaka yenyewe.

3. Anayesafiri aache nyumbani nakala ya kitambulisho, pasipoti na mkataba. Tukubaliane naye siku ya kupiga simu, na neno la siri la kusema akiwa taabani.

4. "Wazazi hawaingii" ni neno la kumrudisha mtoto nyumbani papo hapo.

5. Tukishuku, tupige ripoti kwa polisi, chifu au afisa wa watoto. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure. Tusijifanye mashujaa wa filamu. Kuvamia nyumba ya watu kwaweza kumwua yule tunayetaka kumwokoa.

Jambo la mwisho. Filamu inaisha mtoto akifika nyumbani, lakini kwetu kazi ndiyo kwanza inaanza. Anayerudi mikono mitupu asichekwe, wala asiulizwe pesa ziko wapi. Akisimangwa, ataondoka tena, na safari hii hatamwaga mtu.

Maswali ya kujadiliana

Ni nani ametoka kijijini kwetu kwenda kazini, na hatujasikia sauti yake mwaka huu? Nani atamtafuta wiki hii?