Pikapu Kuukuu na Sayansi ya Kuikagua

Mkulima anayenunua pikapu iliyokwisha kutumika hutoa akiba ya misimu kadhaa kwa chombo ambacho haoni yaliyomo ndani yake. Rangi mpya huficha kutu, na oili nzito ikitiwa katika injini iliyochakaa huzituliza kelele zake kwa siku chache, muda unaomtosha kabisa muuzaji. Hata hivyo, kanuni chache za fizikia na kemia zifundishwazo katika shule za sekondari zaweza kumfichulia mnunuzi mengi kabla hajalipa.

Ukaguzi huanzia chini ya gari, wala si kwenye boneti. Pikapu kama Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, huwa na bodi iliyofungwa juu ya chasisi ya chuma yenye umbo la ngazi. Bodi ikitoboka, fundi wa gereji yoyote aweza kuiziba. Chasisi ikiliwa, gari limekwisha. Kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni penye maji, na chumvi huharakisha jambo hilo kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Kwa hiyo gari lililokaa Tanga au Mombasa, au lililotoka sehemu za Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, lastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Nyundo ndogo yatosha: chuma kizima hulia kikigongwa, kilicholiwa hutoa mlio mzito na kumwaga magamba. Hapo hapo namba ya chasisi ilinganishwe na ile iliyo kwenye kadi ya gari.

Injini ndiyo yenye siri nyingi. Katika injini ya petroli, pistoni huugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya plagi kuuwasha. Mgandamizo ukivuja, nguvu hupotea. Ili kuupima, injini hupashwa moto, kisha huzimwa, plagi zote hutolewa, waya wa koili huchomolewa, na kipimo hufungwa penye tundu la plagi. Mtu mwingine hukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku akizungusha stata. Injini nyingi za namna hii zikiwa nzima huonyesha baina ya kilo 10 na 13 kwa kila sentimita ya mraba. Lakini tarakimu yenyewe si muhimu kama tofauti iliyopo baina ya silinda na silinda. Ikizidi kilo 1 hivi, pana kasoro.

Kasoro hiyo iko wapi? Kijiko kimoja cha oili hutiwa katika silinda iliyo dhaifu, na kipimo hurudiwa. Oili huziba upenyo ulio baina ya ringi na ukuta wa silinda. Basi kipimo kikipanda, ringi au silinda yenyewe imechakaa. Kisipopanda, uvujaji uko juu, katika vali au gasketi ya silinda hedi, na iwapo silinda mbili zilizo jirani ndizo dhaifu, gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kusaga vali au kubadili gasketi ni kazi ndogo. Kuchonga silinda na kutia pistoni mpya huweza kugharimu zaidi ya thamani ya gari zima. Kijiko hicho cha oili, basi, ndicho kiamuacho bei.

Moshi nao una habari zake: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe wa asubuhi usimtishe mtu, kwani haidrojeni iliyomo katika lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Ila mvuke huo usipokoma injini ikiwa ya moto, huenda maji ya rejeta yanaingia katika silinda.

Pikapu za miaka ya 1970 zina tatizo la pekee. Katika nyingi kati yake, vali za eksozi hukalia chuma laini cha kusubu. Petroli ya wakati huo ilitiwa risasi, na masalio yake yaliviwekea viti vya vali utando wa kuvikinga. Risasi ni sumu iudhuruyo ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Tangu hapo viti laini huliwa, hasa gari likibebeshwa mzigo kwa mwendo mrefu, na nafasi ya vali hupungua kila baada ya muda. Dawa yake ni kufungiwa viti vya chuma kigumu.

Mafundi wengi hung'oa thamostati wakidai kwamba injini itapoa zaidi. Ni kweli itapoa, na hilo ndilo kosa: injini isiyofikia joto lake huacha petroli ichuruzike ukutani mwa silinda na kuiosha oili. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko kizima cha rejeta. Mjini Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 tu za sentigredi. Kifuniko chenye kuhimili kilo 0.9 huyazuia mpaka yapite 110.

Zimebaki breki. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na mzigo, ikiteremka mita 100 za wima kwa breki peke yake, hutoa joto la kutosha kuchemsha takriban lita 6 za maji. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishalowa, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea katika mabomba, na kwa kuwa mvuke hugandamizika, pedali huzama bila gari kusimama. Mteremko kama wa Kitonga si mahali pa kuligundua jambo hilo. Mafuta ya zamani na yamwagwe yote, na mapya yatiwe mpaka yatoke bila povu katika kila gurudumu. Mipira ya breki isisafishwe kwa petroli wala mafuta ya taa, ambayo huivimbisha, bali kwa spiriti.