Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto

Tuseme unaishi hapa Masukulu na una mtoto wa miaka mitano. Kila asubuhi anaamka akilia kichwa. Anatapika, kisha anapata nafuu kidogo. Zahanati wamempima malaria, hana. Baada ya wiki chache anapepesuka kama mlevi. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa, na wanamtaja bibi fulani.

Bibi huyo hana kosa. Mara nyingi kichwa na kutapika huletwa na magonjwa ya kawaida. Lakini dalili hizi zikija pamoja na kuzidi, huenda kuna uvimbe ndani ya ubongo. Ugonjwa huu ni wa nadra, wala hauambukizi.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni hujengwa na chembe changa sana. Kila chembe hukua, hupata kazi yake, hutulia. Mara chache chembe nyingine hazikomai. Huzaana ovyo na kuwa kansa. Kansa ya namna hii inayowapata watoto zaidi huitwa meduloblastoma. Huota upande wa kisogoni, katika ubongo mdogo unaosimamia mwendo wetu. Ndiyo sababu mtoto anapepesuka. Tena huziba njia ya maji ya ubongo. Maji yakijaa, kichwa huuma, na mtoto hutapika. Kichwa cha mtoto mchanga huweza hata kukua kupita kiasi.

Madaktari wawili wa Marekani, Bailey na Cushing, waliupa uvimbe huu jina mwaka 1925. Kwa miaka mingi uvimbe mwingine uliofanana nao kwa macho uliwekwa katika kapu moja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lililiondoa kapu hilo, maana lilichanganya magonjwa mbalimbali. Siku hizi hata meduloblastoma ina makundi makuu manne. Kundi moja, likitibiwa vizuri, watoto wengi hupona. Jingine ni kali sana. Kwa hiyo daktari akikata kipande cha uvimbe ili kipimwe, hapotezi wakati. Anatafuta jina, na jina humwonyesha dawa.

Kutoka Tukuyu mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa Mbeya. Wapasuaji wa ubongo wako MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Mionzi hutolewa Ocean Road. Watoto wadogo sana, walio chini ya miaka mitatu, huepushwa na mionzi kwa kuwa huudhuru ubongo unaokua.

Ukirudi zahanati, usiseme "kichwa" tu. Eleza kinauma saa ngapi, ametapika siku ngapi, na anatembeaje.