Je, Wajua? Swali la Kepler Darajani

Majira ya baridi, Prague, mwaka 1611 ukikaribia. Johannes Kepler, mtaalamu wa hisabati wa mfalme Rudolf II, anavuka daraja kwa miguu akiumiza kichwa: ampe rafiki yake zawadi gani ya mwaka mpya, naye mfukoni hana kitu? Theluji ikaanza kumdondokea kwenye koti. Akainama kutazama. Kila chembe ilikuwa na pembe sita. Kwa nini zisiwe tano, au saba? Zawadi ikapatikana papo hapo: kijitabu kizima juu ya swali hilo.

Jibu lenyewe hakulipata, ila humo alidai kwamba mipira haiwezi kupangwa ikabanana zaidi ya machungwa yanavyopangwa sokoni. Dai hilo (dogo kwa kulitazama tu!) liliwasumbua wanahisabati hadi 1998, Thomas Hales alipotangaza uthibitisho wake.

Kuhusu theluji, siri imo kwenye maji. Molekuli zake zikiganda hushikana katika umbo la pembe sita, na chembe hukua kutokea hapo. Hewa yenye nyuzi joto 15 hivi chini ya sifuri huchanua matawi kama ya nyota. Ikiwa nyuzi 5 chini, hutoka vijiti vyembamba.

Uliye Oslo au Toronto, jaribu mwenyewe: koti jeusi, lenzi ndogo ya kukuzia, na ubane pumzi. Ukiipumulia tu, imeyeyuka.