Kiangazi kinakuja: tutayarishe bustani na kuku sasa



Mvua zinaelekea kuisha. Hapa Nakivale miezi ya sita, saba na nane ni ya jua na vumbi, na mboga sokoni hupanda bei. Mwaka jana mwezi wa nane nilipita nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupima mkono. Mtoto mmoja aliyekuwa kwenye kijani mwezi wa tano alikuwa ameshuka kwenye njano. Mama yake alinieleza kwamba lengalenga zake zote zilikauka, wakabaki na posho na maharage tu. Tusingoje hali hiyo. Tufanye haya mambo manne:

1. Kufunika udongo. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba wakati udongo bado una unyevu. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze.

2. Maji. Maji ya bomba ni ya kunywa na kupika kwanza. Mtoto asipunguziwe maji kwa ajili ya mboga. Mwagilia jioni, chini kwenye shina, kwa maji yaliyooshea mboga au kusuuzia nguo. Maji yenye sabuni nyingi, chumvi au mafuta yanaharibu udongo. Yale yaliyofulia nguo za mgonjwa wa kuhara usiyapeleke bustanini kabisa.

3. Kukausha mboga. Leo lengalenga na majani ya kunde ni mengi. Chuma, osha kwa maji safi, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, kisha tandaza kivulini juu ya ungo safi. Funika kwa kitambaa chepesi nzi wasitue. Usianike juani, jua kali linapunguza vitamini A. Yakivunjika mkononi, yaweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Wakati wa kupika ongeza mafuta kidogo, ndiyo yanayosaidia mwili kupokea vitamini hiyo.

4. Kuku. Mwaka jana kwetu walikufa kuku saba kwa wiki moja kwa ugonjwa wa mdondo. Wa jirani waliochanjwa walipona wote. Chanjo ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ni ya kuku wazima, haiponyi aliyekwisha ugua. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachange pamoja na kuchanja siku moja. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe, azikwe. Tena kuku wasilale chumba kimoja na watoto, kinyesi chao kinaleta kuhara.

Jambo la mwisho. Bustani inazuia njaa, lakini haitibu utapiamlo. Mtoto akipimwa akawa kwenye njano au nyekundu, au miguu yake ikivimba, asisubiri mboga zikue. Mlete kituo cha afya siku hiyohiyo.